Kaunta Buku ya Vizibo

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
kibarazani kwa fundi Semkiwa, cherehani zimefunikwa shuka,
mwenyewe kaenda swala ya Ijumaa,
nilifungua kaunta buku nikapiga mistari:
jina, gharama, pigo, uhai.

Kadi kubwa sikuwa na haja nazo.
Tembo wa vizibo saba kila mtu anamjua,
hushangiliwa kabla hajashuka,
na mara nyingi mchezo huisha yeye yumo mkononi bado,
pembe zimelowa jasho la kidole gumba.

Mimi nilikuwa hakimu wa vijikadi,
vya kizibo kimoja, vya viwili,
tulivyovikata kwenye maboksi ya biskuti:
ukikigeuza unakuta nusu ya herufi na suke la ngano.

Siafu. Kizibo kimoja. Pigo ni mbili, uhai ni moja.
Nikagawa: mbili.
Panya buku, vizibo viwili, pigo tatu: moja na nusu.
Kenge, viwili, pigo mbili, uhai tano: moja.
Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, MVIVU.
Tembo mwenyewe, nane kwa saba,
moja na vumbi, hata panya hamfikii!
Nikacheka peke yangu,
mpita njia wa baiskeli akageuka kuniangalia.

Nzi ndiye aliyenikera.
Gharama hana. Pigo moja.
Moja kugawa kwa sifuri:
mwalimu Mbelwa aliwahi kuifuta ubaoni kwa kiganja,
akasema hiyo si hesabu, ni utovu wa adabu.
Kisanduku chake nikakiacha cheupe.

Jumamosi nikampelekea Zaituni Tembo wangu wawili,
anipe Siafu watatu.
Alikuwa anamenya chungwa la Muheza, ganda moja refu lisilokatika.
"Una hakika?"
"Nimepiga hesabu."
Akapangusa vidole kwenye gauni, tukabadilishana.

Tukacheza hapo hapo.
Siafu wa kwanza akauma ngome yake, mbili.
Wa pili akafuata, wote wakauma, nne.
Ngome ya ishirini ikabaki kumi na nne
na mimi tayari nanyosha miguu.

Akalipa vizibo viwili.
Akamlaza Kenge katikati, taratibu,
kama mtu anayetandika mkeka wa wageni.

Siafu akamvaa, akafa. Kenge akabaki na tatu.
Siafu akamvaa, akafa. Akabaki na moja.
Siafu wa tatu akammaliza, naye akaenda naye.
Watatu kwa mmoja.
Akatoa Kenge mwingine.

Nilipoangalia mapajani vizibo vilikuwa vimejaa,
vinang'aa, vya bluu, vya njano,
na mkononi sina kadi.
Tajiri katikati ya duka lililofungwa.
Kenge akatembea. Mbili. Mbili. Mbili.
Sikuwa na hata Nzi wa kumrushia.

"Siafu wako," akasema Zaituni, chungwa mdomoni,
"waja leo waondoka leo.
Vizibo unahesabu. Kadi je? Hiyo si mali?
Na Kenge ulimpimia siku moja tu,
kwani alikwambia anahama?"

Sikumjibu. Nilikuwa napiga mstari wa tano: zamu.
Kenge, mbili kwa zamu saba, kumi na nne, gawa kwa viwili, saba.
Siafu, mbili kwa zamu moja. Mbili.
MVIVU nikaifuta kwa mate,
wino ukatapakaa, ukurasa ukatoboka,
upande wa pili ukachafua jina la Panya.

Kisha kile kisanduku cheupe.
Nzi halipiwi, kweli,
lakini mkono una nafasi tano,
na yeye kakalia moja.
Nikaandika: kiti kimoja. Sikujua hicho ni kipimo gani.

Fundi Semkiwa akarudi, akatuondoa mlangoni kwa ufagio.
Nikamkimbilia Zaituni hadi kona ya Barabara ya Kumi na Nne.
"Nirudishie Tembo mmoja tu.
Nakupa Siafu watatu."

Akawatazama wale Siafu, akanitazama.
"Leo," akasema, "Tembo ni Siafu watano."