Kelele na Kilele

Baina ya kelele na kilele
pana irabu moja,
na mimi, Radostina Velkova, nalipwa mshahara
niketi juu ya irabu hiyo.

Kazanlak, mwezi wa Juni. Waridi zimechumwa alfajiri,
magunia yamepita mlangoni na harufu yake,
nasi ndani tumefunga madirisha:
mashine haina haja na pua ya mtu.
Tone la mafuta, dogo kuliko chozi la sisimizi,
naliingiza kwa sindano. Linageuka mvuke,
linasukumwa na gesi ndani ya bomba jembamba kama unywele,
mita thelathini zilizojiviringisha tanurini.
Humo kila kitu kina mwendo wake.
Chepesi hutangulia, kizito husuasua,
na penye kutokea huandikwa mmoja mmoja:
dakika ya kumi na tisa, sitroneloli;
punde jeranioli, akimkanyaga mwenzake kisigino;
kisha zile nta za waridi, taratibu,
kama wajane wakitoka kanisani.

Hapo programu hushika zamu.
Hulainisha mstari uliotetemeka,
huchora msingi chini ya kila mlima,
hupima eneo, hutoa asilimia.
Niliiwekea kizingiti:
asiyefika urefu huu asibishe hodi.
Na jambo jingine niliamuru, mwaka jana,
foleni ya chupa ilipofika hadi koridoni:
dakika ya arobaini, acha. Inatosha.

Leo asubuhi yamepita mafuta ya Dobri Shishkov,
mtu wa mtungi mmoja wa shaba na mke kiziwi.
Vilele ishirini na saba, programu ikasema. Safi.
Lakini jicho langu lilikwaa.
Dakika ya thelathini na mbili
mstari uliinuka kidogo, kwa upana, kwa uvivu,
kama blanketi juu ya mtu aliyelala,
ukashuka. Programu ilidhani ni ardhi tu,
ikapitisha msingi juu ya mgongo wake, ikaendelea.

Dobri, nikawaza, hata wewe?
Nikaiona barua tayari, na muhuri mwekundu,
nikamwona akivua kofia ili aisome.

Nikashusha kizingiti. Vikaingia vilele mia mbili na kumi,
kila mtetemo ukidai jina na cheo.
Nikakipandisha tena.
Nikalainisha zaidi: blanketi likanyooshwa, likapotea.
Programu inajua kuhesabu. Kushuku haijui.

Basi nikarudia tone jingine, chupa ileile ya Dobri.
Lililo lake lingerudi.
Halikurudi.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema watu.
Ya huyu ilikuwa mita thelathini,
na usiku kucha alilala katikati yake,
tanuri limepoa, akimngoja mgeni wa kesho
amsukume hadi mlangoni kwa jina lisilo lake.

Nikafungua faili la jana, chupa ya mwisho.
Bozhurov na Wanawe, lita sitini. Cheti kimeshatoka,
sahihi yangu chini, nzuri, yenye mkia.
Vilele vimejipanga kama picha ya harusi
hadi dakika ya arobaini.
Baada ya hapo, weupe.
Weupe niliouagiza mimi.

Sasa ni saa mbili usiku. Nimefuta arobaini,
nimeandika tisini. Mafuta ya Bozhurov yamo safarini tena,
na mfagizi, Bi Stoyanka, amezima taa zote isipokuwa yangu.
Cheti cha Dobri kimo mkobani; nitampelekea mwenyewe,
wala sitamwambia nilivyomdhania.
Dakika ya hamsini na moja: mstari umelala.
Hamsini na tatu: umelala.
Nimeuondoa mkono wangu kwenye kipanya
nisije nikaurekebisha.
Hamsini na sita.
Unapumua.