Vitufe Vinne

Nilivihesabu: arobaini na kimoja.
Kimoja mshale unaojizungusha,
kimoja mshale uliopasuka njia mbili,
na kingine, nakiri, kazi yake
nilikuwa nimeisahau hata mimi.

Miezi mitano Nzuguni, feni ikinipepea vumbi,
naijenga programu ya kutunza matoleo ya ramani,
najisifu: haikosi kitu.
Haikosi kitu.
Kosa lenyewe ndilo hilo.

Bi Sechelela Madeje, karani wa viwanja,
alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa upindo wa kanga,
akaivaa tena. Skrini ni ileile.
Alikishika kipanya kama yai la jirani.
"Hii michirizi ya rangi ni reli?"
Matawi, nikasema. Historia ya faili,
inavyogawanyika, inavyokutana.
"Mti gani huu, mwanangu, usio na shina?"

Ukutani kwake, kwa kalamu nene:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Nami nimemletea daftari
lenye kufuli arobaini na moja.

Ndani ya mashine yake:
Nala_mwisho
Nala_mwisho_kabisa
Nala_mwisho_kweli_usiguse
Nala_usiguse_mpya.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Mwaka juzi nilifungua isiyo yenyewe.
Mpaka ukasogea mita sita.
Mtu akachimba msingi
katikati ya karanga za mjane."

Usiku ule nikaanza kufuta.
Kuandika kunachosha; kufuta kunauma.
Kile cha kulinganisha matoleo matatu kwa mpigo
kilinila Jumapili mbili.
Kile cha kubandika tawi juu ya tawi,
umeme ulikatika mara nne nikikitengeneza.
Nilikitazama kidogo. Nikakitoa.

Kesho yake vilibaki kumi na kimoja.
"Bado vingi," akasema, akaendelea na chai.

Chilongani, tuliyesoma naye kule kilimani,
akanitania: umetengeneza ya watoto.
Vyako viko nyuma ya mlango, nikamjibu.
Mlango unaujua. Gonga.

Vikabaki vinne, kwa maneno, si kwa alama:
Hifadhi. Tazama ya nyuma. Rudisha. Tuma.
Na kisanduku kimoja kisichokubali kuachwa tupu:
Umebadilisha nini, na kwa nini?
Hicho alitaka nikiondoe.
Hapo tu nilikataa.

Ana kipande cha mizabibu Hombolo.
Nilitaka kumwambia nimejifunza kwake kupogoa,
akanikata kauli:
"Usifananishe. Kule ukikosea, tawi limekwenda.
Utakaa msimu mzima ukitazama kisiki."
Akakigusa kitufe cha tatu juu ya kioo,
kwa ncha ya kidole, bila kukibofya,
kama anayepima joto la paji la mtoto.

Sijui kama programu ni nzuri.
Najua hanipigii simu tena.

Jana niliifungua historia ya Nala.
Toleo la saba, saa tano kasorobo asubuhi,
ndani ya kile kisanduku alichokichukia:
Nimerudisha mpaka wa Bi Lechipya, mita sita.
Ramani haikukosea. Nilikosea mimi.
S. M.