Mawe ya Mizani

Kidato cha pili, kipindi cha mwisho, Jumatano,
nilikuwa nikiwauzia mji nisiowahi kuutia machoni:
Kumbi Saleh, mlango wa jangwa,
chumvi ikiingia kwa mabamba, dhahabu ikitoka kwa vumbi,
mfalme akitoza ushuru huku na huku.
Nikachora ramani kwa kipande cha chaki
na Sahara ikanimwagikia kwenye mkono wa sweta.

"Wamebakisha nini, mwalimu?"
Misingi, nikasema. Mitaa ya mawe chini ya mchanga.
Na vipande vya kioo, vidogo kama kucha,
vya kupimia dhahabu.
Dhahabu yenyewe haikukaa.
Kilichokaa ni kipimo.

Ijumaa nikawapeleka Kilima cha Pimbi,
maana nauli ya shule yetu haifiki Mauritania.
Tulikwenda kwa miguu, wenye viatu na wenye ndara,
vumbi jeupe la Nakuru likitupaka hadi magotini,
na pimbi wakatuchungulia miambani
kama makarani walionyimwa mafaili.

Pale juu mtu asiye na jina
alichimba bao kwenye mwamba.
Safu mbili za mashimo, kingo zimelainishwa na vidole.
Kibet akatia kete za changarawe,
akala, akala, akalala,
akajitangaza bingwa dhidi ya marehemu.
Tulicheka sote.

Nyaboke hakucheka.
Alikuwa akitazama chini, ziwani,
Mwariki, kule maji ya magadi yalikopanda bila hodi,
yakapita ua, yakapita kizingiti,
yakaingia dukani kwa mama yake hadi rafu ya pili.
Waliokoa unga, sukari, picha ya harusi, mbuzi mmoja.
Mizani ikabaki.
Ilikuwa nzito, na tena, nani huokoa mizani?

"Mwalimu," akasema, "yakishuka,
watakuja watu na brashi ndogondogo?
Watajua lile jiwe la kilo lilikuwa limelika upande,
na mama alikuwa akiongeza kiganja cha maharagwe
ili asimpunje mtu?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni.
Likanilalia kinywani
kama kete kwenye shimo tupu.

Tukateremka. Mtu alipoteza ndara, tukaitafuta, tukaipata.

Leo nasahihisha mtihani.
Swali la nne: Taja vitu viwili vilivyopimwa sokoni Kumbi Saleh.
Thelathini na tisa wameandika chumvi, wameandika dhahabu,
wengine dhahabu mara mbili.
Nyaboke kaandika chumvi.
Chini yake, kwa mwandiko uleule ulionyooka:
kiganja cha maharagwe.

Nimeishika kalamu nyekundu tangu magharibi.
Chai imeshaganda utando.
Bado napima.