Karo Lisilojaa

Barua ya baladia ilibandikwa getini Jumatano,
mhuri wa buluu, maneno ya ofisini:
kila nyumba ionyeshe karo lake,
upana, kina, kuta, sakafu,
na umbali wake na kisima cha jirani.
Mama aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaitia chini ya sinia la tende
kama posa ya mtu asiyemtaka.

Karo letu alilichimba baba, mwaka tuliohamia Ibra.
Kuta alizijenga kwa matofali, akaziachia matundu,
na chini hakumwaga zege.
"Mchanga unakunywa," alisema.
Kweli ukanywa, miaka ishirini na tisa,
wala haukusema umeshiba.
Gari la manjano lilikwenda kwa wenzetu kila mwezi,
likinyonya, likinguruma, likihesabiwa riali;
sisi tukilipungia mkono.
Kwenye kahawa baba alijisifu: karo langu halijai!
Wageni wakacheka, wakamwomba siri.

Aliyekuja kukagua ni binti, Raiya,
buti za mpira, kofia ngumu juu ya ushungi.
Mama akamwambia lile lile la marehemu: halijai.
"Halijai," akajibu, "kwa sababu linajaza kwingine."
Hakubishana zaidi. Akatoa kichupa mfukoni,
akamimina rangi chooni,
kijani cha kasuku,
akavuta maji mara tatu.
Kahawa aliinywa wima, kikombe kimoja, akaaga.

Siku ya kumi na moja, hodi.
Bi Thuwaiba, wa ukuta wa pili.
Hakuuliza hali, hakuketi.
Aliitua ndoo kizingitini, akarudi kwake.

Kijani cha kasuku.

Maji hayo ndiyo anyweshayo mindimu,
mindimu ile ile ambayo kila msimu
ilituletea kapu zima,
ndimu nono, ganda jembamba, ukiigusa inachuruzika.
Mama alizitia chumvi na pilipili, akazianika darini,
na chupa ya kwanza ya achari
daima ilirudi kwa mwenyewe.
"Yule bibi ana mkono," baba alikuwa akisema,
"akichomeka kijiti kinachipua."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia.
Kisha nikamkumbuka mjukuu wake, Ibtihaji,
kila kiangazi tumbo, kila kiangazi dripu,
na mimi ndiye niliyempelekea uji.

Faini tuliilipa dirisha la tatu.
Mama akamwambia karani, "Andika jina la mume wangu."
"Marehemu haandikiwi faini, mama."
"Basi acha pengo."
Karani akatazama foleni nyuma yetu,
akaandika jina lake yeye,
Zuwena binti Mbaruku,
na mama akaikunja risiti ile polepole,
zaidi ya ilivyohitaji kukunjwa.

Wakaja mafundi. Kuta zikazibwa, zege likamwagwa,
mfuniko wa chuma, bomba la hewa,
Raiya akapima kwa futi yake, akatia sahihi.
Mwezi ulipotimia, kwa mara ya kwanza,
gari la manjano liliingia uani kwetu.
Dereva, Ruhul Amin, mtu wa Chittagong,
anajua nyumba ipi ina arusi na ipi ina matanga
kwa kupima tu kilichomo shimoni.
Akaliburura bomba mpaka kwenye mfuniko,
akalitazama geti letu kwa mshangao.
"Miaka yote hii napita," alisema,
"nilidhani hapa hapaishi mtu."

Sasa tunaishi. Riali kumi na tano kila mwezi.
Usiku mama husimama juu ya mfuniko,
hugonga kwa kisigino, husikiliza:
linajaa.

Kisima cha Bi Thuwaiba kimefungwa, anatumia maji ya bomba.
Miezi mizima hatukumwona.
Jana alikuja na kapu.
Ndimu za mwaka huu ni ndogo, ngumu, ganda nene.
Ameleta.
Tumepokea.
Mama ametoa chumvi.