Karafuu Ambayo Hakuna Aliyeitia

Chupa ilikuja na fundi wa kompresa kutoka Ubelgiji,
aliyeletwa kiwandani Ilemela
kufufua majokofu ya minofu ya sangara.
Alikaa wiki tatu. Akaniachia spana mbili
na chupa fupi, nene, kizibo kimefungwa kwa waya
kama mdomo wa mbwa mkali.
Nikanywa polepole, nikabakiza vidole viwili
pale palipotuama ukungu,
kwa kuwa alikuwa amenionya:
walio hai wamelala chini.

Nikawaamsha kwa maji ya sukari, chupani mwa mtoto.
Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya.
Ya tatu, alfajiri, Holo akaita toka jikoni:
"Njoo uone, vitu vyako vinapumua."

Kimea cha shayiri nilikipata kwa kubembeleza, nusu gunia.
Hakikutosha. Nikaongeza mtama wa Magu,
nikauotesha, nikauanika juu ya bati,
nikagombana na kuku siku nne.
Ile sukari nyeusi wanayoichoma wao sikuwa nayo;
nilikuwa na sukari guru, mabonge matano ya Mlango Mmoja,
maganda ya machungwa, giligilani ya kutwanga.
Sufuria ikanuka kama harusi inayoungua.

Joto lilikuwa digrii ishirini na nane.
Bia nyingine ingeugua.
Hii ilifoka, ikapanda mpira, ikatema povu ukutani,
na Holo hajaniruhusu kupapaka rangi, anasema
lile doa limefanana na Ukerewe.

Shangazi Nkwimba akaja kutoka Kisesa, akachungulia pipa.
"Inanyweka lini?"
"Mwezi wa kumi."
Tulikuwa wa sita.
"Pombe yangu ikilala siku tatu inakuwa tusi.
Wewe unaifunga miezi minne.
Kwa kosa gani?"

Chupa thelathini na moja.
Nikazipanga kwenye ufa wa mawe, nyuma ya nyumba, Igogo,
mahali pa pimbi, ambapo jua
halijawahi kubisha hodi.

Agosti, saa nane za usiku, moja ikalipuka.
Mzee Lutandula akatoka na panga na tochi,
akamulika mwizi,
akamkuta pimbi juu ya jiwe,
amelowa, anatafakari.
Nilikesha na zile thelathini, nalegeza kizibo kimoja kimoja,
nasikiliza kila moja ikishusha pumzi,
naikaza tena.

Oktoba. Bilauri ya Shangazi kwanza.
Rangi ya chai iliyosahaulika jikoni,
povu zito, halina haraka ya kushuka.
Ndizi mbivu ikatangulia, kisha pilipili manga,
kisha akasimamisha ulimi.
"Nani katia karafuu?"
"Hakuna."
"Usinidanganye, mimi nimekufunga nepi."
"Ni hamira, Shangazi. Wanaitoa wenyewe,
wakishakula sukari."
Akanusa tena, muda mrefu,
kama anayesoma barua ya mtu aliyemdhania amekufa.

Akanyanyuka kwenda kuwaangalia mbuzi,
akakaa.
Akasema mbuzi wanajua njia.

Jioni nilikuwa nasuuza chupa, akanishika mkono.
"Hayo machicha unamwaga?"
Akayakinga ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi,
akakifunga kwenye pindo la kitenge,
upande ule anaoweka nauli.

Desemba akapiga simu. Nyuma yake watu wanacheka,
mmoja anaimba vibaya.
"Wanauliza karafuu nimenunua wapi."
"Umewajibu nini?"
"Nimewaambia ni siri ya ukoo."

Fundi yule namba yake haipatikani.
Majokofu yameharibika tena, nimeyatengeneza mwenyewe,
kwa zile spana mbili.

Kwenye ufa imebaki moja.
Sijui naisubirisha nini.
Pimbi wanapita mbali nayo.