Msumari wa Pili

Nimetoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri,
taa ya dinamo ikikohoa mbele yangu,
malori ya bandarini yakinipulizia masizi sikioni
kana kwamba yana siri.
Mtongani. Kwa Aziz Ali. Uhasibu.
Bendera Tatu ndipo jua linapochomoza kichwa
na shati linapoanza kuninata mgongoni
kama stempu.

Februari ya mji huu haikuulizi cheo.

Ofisi yetu ina ghorofa tisa, lifti mbili,
tangi la samaki pale mapokezi
(samaki wale hubadilishiwa maji kila Ijumaa),
na uwanja wa magari wenye vyeo ukutani kwa rangi nyeupe:
Mkurugenzi. Mhasibu Mkuu. Afisa Utumishi.
Pa kuegesha baiskeli hapana.
Pa kuoga hapana.
Ryoba wa getini anasema ifunge kwenye jenereta,
ila ukisikia umeme umekatika, kimbia uitoe,
tandiko litaungua.

Basi nikaandika barua.
Sikuomba makubwa, Mungu shahidi:
bomba moja la maji, bati kuukuu la kivuli,
ndoano ya kutundikia suruali.
Hiyo ndoano niliifuta mara mbili, nikairudisha.

Jibu lilikuja na muhuri, baada ya wiki sita:
“Kwa kuwa wewe ni mtumishi pekee
anayefika kazini kwa chombo tajwa,
suala hili si la kipaumbele kwa mwaka huu wa fedha.”

Pekee.
Neno lile nililitafuna kutwa nzima.
Kesho yake nikawahi zaidi,
nikazunguka nyuma ya jenereta, nikahesabu.
Ya Ryoba, kibandani mwake, imefunikwa koti la mvua.
Ya Mama Tabu wa chai, kapu la maandazi lingali kwenye karia.
Ya Shomvi tarishi, haina breki, ina kengele mbili.
Ya kijana wa lifti, ambaye sikuwahi kumuuliza anakaa wapi.
Chanika, kumbe. Chanika!
Na nyingine mbili zimelazwa majanini
kama watoto waliofichwa mgeni asiwaone.
Yangu ya saba.
Wote huja kabla muhuri haujaamka.

Bi Siwema wa usafi ndiye aliyenipa ufunguo.
Hakusema neno, aliuweka juu ya faili
pamoja na kipande cha sabuni ya mche.
Stoo ya mafagio, chini ya ngazi:
ndoo, kata, bomba linalodondosha,
harufu ya dawa ya choo, giza la kutosha heshima.
Maji yale, jamani.
Niliyasikia yakishuka uti wa mgongo
kama habari njema kutoka nyumbani.
Ukutani, usawa wa macho, msumari mmoja;
Siwema aliugonga kwa kisigino cha kiatu.
Hapo hutundika suruali yangu ya njiani,
yenye doa la grisi kwenye pindo la kulia,
pale mnyororo unapomng'ata kila mwendeshaji.

Mei, mafuta yakapanda bei tena.
Uwanjani vyeo vingine vimebaki bila magari,
rangi nyeupe inaitazama saruji tupu.

Leo nimefungua stoo, nikakuta msumari wa pili.
Mpya, umegongwa vibaya, umepinda,
kazi ya mkono usiozoea nyundo.
Umebeba suruali ya kijivu, ya pasi kali,
kitambaa nilichowahi kukiona nyuma ya meza kubwa
siku nilipoitwa kusainia lile jibu.
Pindo la kulia lina doa la grisi,
bichi bado.

Sikuuliza. Siwema alikuwa anakamua dekio,
anatazama kwingine, tabasamu limemkaa upande.
Nimeikata sabuni yangu katikati kwa uzi.
Nusu nimeiacha juu ya ndoo.