Iliyobaki Chemba

Nanyaro akatandaza kitambaa cha kijani,
kile cha kuchezea karata,
akazilaza mbili, ubavu kwa ubavu,
kama fundi anayekuonyesha vitambaa vya sare ya msiba
huku akijua huna haraka ya kuvaa.

Kibali ninacho mkobani, mihuri minne.
Nimekisubiri miezi saba, tangu usiku ule Mbuyuni
walipoondoka na mauzo ya maharage ya wiki tatu
na meno mawili ya Elikana, mlinzi wangu.
Fomu ya polisi ina nafasi ya mali tu.
Meno tuliyaandika pembeni, kwa penseli.

"Hii rivolva. Sita tu, haina maringo.
Risasi moja ikigoma, vuta tena,
gurudumu litakusogezea nyingine.
Ilaze kabatini miaka kumi,
siku ukiiita itaitika.
Hii ya pili, nusu-otomatiki. Kumi na tano.
Bapa, haitutumki chini ya kitenge.
Kubadili magazini ni kufumba na kufumbua.
Ila inataka matunzo, mama. Inataka mkono."

Mkono.
Nikaishika, nikajaribu kuikoki.
Vidole hivi vimechambua kahawa Machame tangu sijaota meno ya ukubwani,
vimeshona magunia,
vimemgeuza mume wangu kitandani mwaka mzima.
Baridi ya Julai iliingia kwenye viungo
ikasahau kutoka.
Mtambo ukasogea nusu, ukarudi kwa nguvu,
ukanibana ngozi ya kidole gumba.
Nanyaro akatazama dirishani, kwa adabu.
Mlima Meru ulikuwa umejifunga mawingu hadi kiunoni.

Nikamuuliza, "Ipi itamdanganya mtoto?"
Maana Aikande ana miaka tisa
na hakuna kifuniko kilichowahi kumshinda:
simu yangu, kufuli la stoo, kabati la bibi.

Akanyamaza. Akachomoa magazini, akaiweka kando.
"Hapa ndipo mtu husema imeisha."
Kisha akaikoki, polepole,
risasi bubu ya mazoezi ikaruka,
ikabingirika hadi ukingoni mwa meza.
"Kumbe kuna moja iliyobaki chemba."

Akaifungua rivolva:
matundu sita, mwanga wa mtaa ukipita.
"Hii haifichi njaa yake."

Wala si malaika. Kifyatulio chake kizito,
ni kama kung'oa sangari wakati wa kiangazi,
unavuta, unavuta,
na katika kuvuta huko unapata nafasi
ya kumtazama mtu usoni.

Hilo ndilo sikumwambia Nanyaro.
Walikuwa watatu, nyuso wamezifunga sweta,
lakini aliyesema "Mama, lala chini, hatutakuumiza"
alilisema kwa besi,
besi ninayoisikia kila Jumapili, safu ya nyuma,
ikishikilia noti ya mwisho wenzake wakishaishiwa pumzi.
Nayo haimo kwenye fomu.
Hata kwa penseli.

Nikalipia rivolva. Risasi, akahesabu sita.
Nikamrudishia moja.
"Tundu moja liwe wazi," nikasema,
akadhani ni woga wa mtoto,
nami nikamwacha adhani.

Kutoka Usa hadi Kikatiti niliupakata mkoba
kama sufuria ya uji wa moto.
Boma Ng'ombe muuza karanga akanigongea kioo,
nikashtuka, nikanunua za elfu mbili,
sikula hata moja.

Kesho kutwa ni Jumapili.
Nitakaa benchi la pili, upande wa besi.
Mkoba nitauacha nyumbani.
Nadhani nitauacha.